Maua ya porini (lili na jamii ya airisi) yamenikaukia yote bustanini hapa Tabora, yamekufa au?

mama_wa_ipuli (Juni 9)

Mwangaluka wadau wa bustani. Mi niko Tabora hapa Ipuli, naomba msaada wenu maana moyo unaniuma kweli. Mwezi wa kwanza tulienda shamba njia ya Urambo kupalilia karanga, sa pembeni pale kuna vichaka havijafyekwa nikaona lile ua linalopanda, jekundu na njano, petali zimegeuka kuangalia juu kama moto unawaka. Marehemu mama yangu alikua analipenda sana hilo ua, tulikua wadogo anatuambia msiliguse lakini kila tukipita yeye lazima asimame aliangalie kwanza. Ametangulia mbele ya haki miaka minne sasa, kwaio nilivoliona nikasema hili lazima niende nalo nyumbani. Nikachukua jembe nikachimba mashina mawili na udongo wake nikaweka kwenye kiroba.

Alafu nina na lingine lile la duara jekundu kama mpira, linatoka mvua zikianza, hilo nililitoa chini ya mwembe kwa mama mkubwa Kitete mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Na la tatu nimelipata mwezi wa tatu kando ya barabara sehemu greda ilikua inachonga, majani marefu kama sime, maua ya rangi ya chungwa yamepangana kwenye fimbo moja. Fundi mmoja akaniambia hilo ni airisi ya porini, sijui kama ni kweli.

Sasa shida. La moto lilitoa maua mawili tu nyumbani, nikafurahi mpaka nikawapigia dada zangu video call, ila kufika mwezi wa nne mwishoni likaanza njano, likakauka mpaka chini. La duara nalo majani yamelala yamekua ya kahawia. La chungwa limebaki fimbo kavu. Nimejitahidi jamani, tangu maji yawe ya uhakika mtaani kwetu namwagilia asubuhi ndoo na jioni ndoo, nimeweka samadi ya ng'ombe, nimeweka na urea kidogo mara mbili. Juzi nikafukua shina moja la lile la moto nikakuta mzizi wake laini unanuka, nikalia.

Mume wangu ananiambia ning'oe yote nipande waridi kama wenzangu. Mi sitaki waridi, nataka haya. Je yamekufa? Nimekosea wapi? Na kama kuna mtu anajua airisi za kwetu za asili zinazofaa kupanda nyumbani anisaidie pia.

---

kijana_wa_isevya (Juni 9)

Pole dada. Kiangazi cha Tabora ni kikali na jua la saizi halina utani, mi naona maji hayatoshi, ongeza na mchana. Alafu tafuta busta ya majani upulizie.

---

mwalimu_mstaafu_kgm (Juni 9)

Mwanangu wa Ipuli, pole sana. Na wewe kijana wa Isevya nakushukuru kwa kumjibu mwenzio haraka, ila naomba kwa hili nikupinge kabisa. Mama, weka ndoo chini. Leo hii. Usimwagilie tena mpaka mvua.

Mimi nimefundisha baiolojia miaka mingi, sasa nimestaafu niko hapa Kigoma juu ya Mwanga na maua haya ndio yananiamsha asubuhi. Hayajafa, yamelala. Tuliokulia huku tunaujua mwaka wetu, mvua kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi, alafu miezi sita ardhi inakua kama tofali, alafu mwezi wa nane wa tisa moto unapita porini unafagia kila kitu. Mmea laini kama huo ungeishije juu ya ardhi? Hauwezi. Kwaio unashusha chakula chake chote chini kwenye kiazi au tunguu, majani yanageuka njano kwasababu kila kilichomo kinarudi chini, alafu unaacha shina likauke unatulia huko udongoni unasubiri. Yale manjano uliyoyaona mwezi wa nne haukua ugonjwa. Ndio mmea ulikua unafunga ghala.

Sasa wewe ukamwagilia ndoo mbili kwa siku juu ya kiazi kilicholala. Kiazi kilicholala hakinywi maji, hakina majani ya kuvuta. Maji yanakaa, udongo unakosa hewa, kuvu wanaingia, kinaoza. Ndio ule ulaini na harufu uliyoikuta. Na urea imezidisha, maana naitrojeni inaukazania mmea utoe majani teketeke wakati wenyewe unataka kujifunga. Mmea wa hivi ukitaka kuusaidia mwishoni mwa msimu weka majivu ya jikoni kiganja kimoja, inatosha.

Tuje kwenye majina, maana huwezi kumtunza mgeni usiyemjua ukoo wake. Lili zenyewe zile za kwenye makadi, na airisi zenyewe za Ulaya na Asia, hazina asili huku kwetu kusini mwa Sahara hata moja. Ila tuna ndugu zao, na kwa macho yangu mimi wazuri kuliko wao. Hilo la moto linaitwa Gloriosa superba, ndilo ua la taifa la Zimbabwe, na linaota kuanzia huku Afrika mpaka India. La duara ni Scadoxus multiflorus, na ule mpira ukihesabu utakuta ni vijiua vidogo vidogo hata 200 vimekusanyika pamoja. Huyo wa duara ukoo wake mmoja na kitunguu maji na kitunguu swaumu, ila yeye ana sumu, msimchanganye. La chungwa lenye majani ya sime kwa maelezo yako ni Gladiolus dalenii, na fundi wako hajakosea sana, ni ukoo wa airisi kweli. Tena hizo gladiola wanazouza maduka ya maua mjini kwa ajili ya harusi, nyingi zina damu ya huyu huyu wa kwetu. Wazungu walimchukua huku Afrika wakamchanganya na wenzake karne ya 19. Sisi tunamchonga na greda.

Nikupe na njia niliyokua nawafundisha wanafunzi, haihitaji kitabu. Chukua ua, hesabu vile vijiti vyenye unga wa chavua. Ukikuta 6, uko upande wa lili na ndugu zake. Ukikuta 3, uko upande wa airisi. Jaribu mvua zikija, utaona Gloriosa ana 6, huyo wa duara kila kijiua kina 6, gladiola ana 3. Na ukoo wa airisi majani yao yanajipanga kama feni, moja limekumbatia jingine pale chini.

Hicho kiazi kilichooza kitoe usije ukaambukiza mwenzie. Vingine usivifukue kila siku kuvichungulia, viache.

---

kitalu_kasulu (Juni 10)

Shikamoo mwalimu, umesema yote ya msingi, mi naongezea ya mikono maana ndo kazi yangu, nina kitalu hapa Kasulu na haya maua nayazalisha mwaka wa sita sasa.

Dada wa Ipuli nikuulize kwanza umeyapanda kwenye nini? Kama ni vyungu vya simenti havina tundu chini au ile bustani ya kujengea tofali mbele ya nyumba ambayo fundi amepiga lipu mpaka chini, basi hata mvua zenyewe zitaozesha. Udongo wenu wa Tabora wa kichanga ni mzuri mno kwa haya maua, usiende kutafuta ule mweusi wa mbuga, ule unashika maji na ukikauka unapasuka unakata mizizi. Mi nachanganya kichanga debe 2, samadi iliyooza kabisa kabisa (sio ya jana!) nusu debe, na majani ya mwembe yaliyooza debe 1. Basi.

La moto: kiazi chake kirefu kama kidole na mara nyingi kina pande mbili kama V. Jicho la kuota liko NCHANI, sio katikati, na ni moja kila upande, ukilivunja hilo jicho upande huo hauoti tena, kwaio ukishika shika kama yai. Kilaze ubavu, usikisimamishe, vidole vinne chini ya udongo. Kila mwaka kile cha zamani kinaisha kinakuacha na kipya, na mara nyingi vipya viwili, ndo unavozidisha. Na kitu ambacho watu wengi hawajui, huyu anapanda kwa ncha za majani, ncha ya jani ndo inajizungusha kama mkia, kwaio ukimuwekea nguzo nene hawezi kushika anaanguka. Muwekee vijiti vyembamba au mpande karibu na kichaka. Kichwa anataka jua, miguu anataka kivuli, tandaza nyasi kavu.

La duara: hili wengi wanalizika. Shingo ya tunguu iwe usawa wa udongo, ichungulie kabisa. Kivuli cha mwembe ndo kwao hasa, usiliweke juani. Na halipendi kuhamishwa, ukilihamisha linaweza kukaa mwaka mzima linatoa majani tu bila ua, usikate tamaa ukaling'oa. Mi ninalo moja liko kwenye ndoo ya lita 10 iliyotobolewa, sijaligusa tangu nilipande na kila Novemba linakuja.

Gladiola: jua kamili, sentimita 10 chini. Ukija kufukua mwaka wa pili utakuta vitoto vidogo kama punje za mahindi vimezunguka mama, vitenganishe uvipande pembeni, vitakupa maua baada ya misimu miwili mitatu. Ndege chozi wanalipenda hilo ua balaa, asubuhi utawaona wanaingiza mdomo.

Adui wetu mkubwa huku ni fuko. Anakuja chini kwa chini anakula matunguu yote ya gladiola unabaki unashangaa mbona hayaoti. Mi nimetandika wavu wa kuku chini ya tuta kabla ya kujaza udongo, tangu hapo sijapoteza hata moja. Na nungunungu kama uko pembeni ya mji.

---

nesi_wa_ujiji (Juni 10)

Jamani naomba niingie hapa kwa uzito maana nimesoma wote mmeongelea uzuri na ni mwalimu peke yake amegusia sumu kwa neno moja.

Mama wa Ipuli, una watoto nyumbani? Una msichana wa kazi au mgeni anaeweza kuingia bustanini kuchimba viazi? Hicho kiazi cha ua la moto ndani yake kuna kolchisini. Ni dawa kweli, hospitali inatolewa kwa wagonjwa wa gauti kwa vipimo vidogo sana, lakini kwenye kiazi kibichi hakuna kipimo, na hakuna kupika kutakakokusaidia. Mmea wote una sumu ila kiazi na mbegu ndo vibaya zaidi. Na kwa umbo kinafanana na kiazi kikuu kichanga, au viazi vitamu vile vyembamba vya mwisho wa shamba, watu wamekula kwa kudhani ni chakula.

Mimi nilishawahi kumpokea mgonjwa wa hivo nikiwa zamu ya usiku. Sitasema wapi wala nani. Ninachokumbuka ni kwamba alikula mchana, akakaa vizuri masaa kadhaa, jioni ndo kutapika na kuharisha kukaanza wakadhani kipindupindu. Huo ndo ubaya wake, inachelewa kuonyesha, na wakati tumbo linaanza sumu imeshaenda mbali, inagusa mpaka uboho na figo na moyo. Kwaio mtu akila usisubiri dalili. Usimpe maziwa, usimtapishe kwa kidole, mpeleke hospitali saa hiyohiyo na ubebe kipande cha huo mmea mkononi daktari akione.

Sisemi msipande. Mimi mwenyewe ninayo matatu kwenye ukuta. Nasema yapandeni mbali na matuta ya viazi na mihogo, wekeni alama ya kudumu (mi nimepaka rangi nyekundu kwenye mawe yaliyoyazunguka), mwambieni kila mtu wa nyumbani kwa kumuonyesha sio kwa mdomo tu, na ukimaliza kushika viazi osha mikono na sabuni kabla hujagusa chochote. La duara na yale malili makubwa meupe ya mbugani nayo tunguu lake lina sumu, mbuzi wakila ni hasara.

Marehemu mama yako alipowaambia msiliguse alikua anajua anachosema.

---

mama_wa_ipuli (Juni 10)

Nesi umenifanya nikae chini. Mama hakutuambia sababu, alisema tu "lile ni la kuangalia". Ninao wawili wadogo, wa miaka 5 na 8. Leo jioni nimewatoa nje nimewaonyesha pale mahali nikawaambia kama alivoniambia yeye, ila mimi nimewaambia na sababu. Mawe nitapaka kesho.

Shikamoo mwalimu, asante sana baba yangu, ndoo nimeweka chini kweli. Kitalu wa Kasulu umeotea, ni bustani ya tofali na fundi alipiga simenti mpaka chini. Mume wangu amekubali jumamosi tutatoboa, alafu tunaweka kokoto kwanza. Urea nimempa jirani aweke kwenye mchicha.

Maswali mawili: hayo malili meupe ya mbugani nesi anayosema, yanaota nyumbani? Na nikitaka mashina mengine ya la moto nikachimbe tena kule shamba au?

---

mrina_asali_sikonge (Juni 11)

Habari ya jioni dada. Mimi ni mrina asali, maisha yangu yote niko miombo, na hilo swali lako la mwisho ndo limenifanya niandike maana nimeona mengi.

Usichimbe tena. Naomba tu.

Ngoja nikueleze ninachokiona. Mwezi wa tisa moto ukishapita, porini kunakua kweusi kabisa ukitembea viatu vinajaa majivu, ukiangalia unasema hapa pamekufa. Alafu hata mvua haijanyesha, unaona vitu vinachomoza kwenye majivu, viua vidogo vya njano, vyeupe, vya zambarau, hata jani havina, vinatoka chini tu kwenye matunguu yao. Wiki chache baadae mvua ya kwanza, ile ya duara nyekundu inatokea chini ya miti ya mitundu. Kuna bonde moja nilikua napita na baiskeli kwenda kwenye mizinga, zamani hayo maduara yalikua hayahesabiki. Watu wakaanza kuyachimba kwa ajili ya dawa, na wengine kuuza mjini kwenye vyungu, na wanachimba yote mpaka vitoto, saizi nikipita naona mawili matatu. Tunguu lile linachukua miaka mpaka litoe ua, mtu anakuja na jembe dakika mbili kazi imeisha.

Na kama ni ndani ya msitu wa hifadhi ujue kwamba kisheria hutoi kitu bila kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), hata kama ni ua. Porini kwa kijiji napo kuna kamati ya mazingira, ukaulize kwanza. Kwenye shamba lako mwenyewe linalolimwa, au pale greda inapochonga kama ulivofanya, hapo mi naona umeliokoa, hapo sawa.

Chukua MBEGU. Gloriosa kule shambani kwako mwezi wa nne wa tano linaacha viganda vinapasuka, ndani kuna mbegu nyekundu zimepangana kama shanga. Kwa saizi zitakua zimedondoka ila angalia kwenye vichaka utapata zilizobaki. Chukua nusu acha nusu. Ni sumu hizo, nesi ameshasema, weka kwenye kopo ulifunge na uandike.

---

kitalu_kasulu (Juni 11)

Mrina asali ubarikiwe, na mimi kitalu changu chote ni cha mbegu na vitoto, sichimbi porini.

Mbegu za Gloriosa dada loweka usiku kucha panda kwenye kichanga mvua zikikaribia, ila uwe na subira, zingine zinaota mwezi mmoja zingine miezi mitatu. Mwaka wa kwanza utaona kijani kadogo tu kama kanyasi, usikang'oe ukidhani ni gugu, ua unaanza mwaka wa tatu hivi. La duara, tunda lake jekundu likiiva menya nyama panda mbegu ikiwa mbichi, ukiikausha imekufa.

Kuhusu malili meupe ya mbugani, yale yenye mstari wa waridi katikati ya petali, yanaitwa Crinum. Yanaota nyumbani vizuri mno, tena ndio pekee unaloweza kulipanda pale maji ya mvua yanaposimama kidogo, maana kwao ni mbuga. Mbegu zake zinashangaza, ni vinyama vikubwa kama kitunguu kidogo, zinaota hata ukiziacha dirishani bila udongo wala maji. Unaiweka tu juu ya udongo, usifukie, mzizi utatafuta njia wenyewe. Tunguu la mzima liko chini sana, ukichimba utalikata tu kwaio mbegu ndo njia. Jioni linanukia nyumba nzima, wanakuja nondo wakubwa kulinyonya usiku.

Ila angalia viwavi weusi wenye madoa ya njano. Wanatagwa kwenye jani wakiwa wengi, wanaingia ndani ya jani wanalila kutokea ndani mpaka wanafika kwenye tunguu, siku tatu kimebaki ute. Ukiona jani lina kama kidirisha cheupe au limeanza kulegea lipasue utawakuta. Mi natoa kwa mkono asubuhi na jioni naua kwenye maji ya sabuni, sijatumia dawa kwasababu chozi na nyuki wako hapohapo.

---

mwalimu_mstaafu_kgm (Juni 11)

Mama aliuliza airisi nyingine na sikumjibu. Kuna moja inaitwa Dietes iridioides, hii ni ya misitu yenye kivuli kuanzia Ethiopia mpaka Afrika Kusini, Tanzania ipo. Ua lake jeupe, lina doa la njano, na katikati zambarau, ukiliona utasema ni airisi ya Ulaya kabisa isipokua ni dogo na laini. Linachanua asubuhi, jioni limeisha, ila kesho kuna jingine. Watu wanakosea wanakata zile fimbo baada ya ua kunyauka kwa kudhani wanasafisha. Usikate, fimbo ileile inatoa ua tena na tena hata mwaka unaofuata. Huyu halali kama wenzake, anabaki kijani mwaka mzima, kwaio huyu ndio umpe zile ndoo zako za kiangazi, mara mbili kwa wiki, mpande ukuta wa kusini wenye kivuli, na akizidi unamgawa kwa kupasua kitako chake. Wauza miche mjini wanazo za aina hii ila nyingi ni dada zake wa Afrika Kusini wenye maua makubwa, nazo si mbaya.

Na kwa wenzangu wa Kigoma mnaoniuliza inbox kuhusu yungiyungi za Malagarasi, zile za bluu juu ya maji, hizo si lili kabisa kwa ukoo, ni watu wengine, ingawa wote tunawaita lili. Kule Malagarasi na Muyovozi ni ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar (ule mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu), mwaka 2000, tuwaache hukohuko. Kilichomo kwenye bwawa la hifadhi ni cha wote.

---

kijana_wa_isevya (Juni 12)

Mwalimu shikamoo, nimejifunza. Mama wa Ipuli samahani kwa ushauri wangu wa kwanza. Mi naendesha bodaboda jumamosi nina nafasi, kama mnahitaji kokoto au kichanga cha kubeba niambie inbox, na nyundo ya kutobolea simenti ninayo.

---

mama_wa_ipuli (Desemba 3)

Wadau nimerudi, samahani nimekaa kimya ila nilikua sina la kusema, ni kuangalia udongo mkavu tu miezi yote. Kijana wa Isevya alikuja kweli jumamosi ile na nyundo, Mungu akuzidishie mdogo wangu, tukatoboa matundu 14, tukaweka kokoto, udongo tukachanganya kama Kasulu alivosema. Ua la duara nililiinua kwa koleo na bonge zima la udongo wake nikalirudisha nikaacha shingo nje, gladiola nikapanda upande wa jua na wavu chini. Kile kiazi cha moto kilichobaki nilikilaza kama yai kweli mikono inatetemeka.

Kuanzia hapo sikumwagilia hata tone. Mwezi wa tisa ulikua mgumu, majirani wanapita wanaangalia udongo mtupu umezungukwa na mawe mekundu wananiuliza umezika nini hapo.

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha tarehe 16 mwezi wa kumi na moja. Gladiola ndio wa kwanza, majani manne ya feni, nimehesabu. La duara limetoa majani tu, ua hakuna, nasubiri mwakani kama nilivoambiwa. La moto wiki mbili hakuna kitu, kila asubuhi natoka na kanga kichwani naenda kuchungulia, mume wangu nae siku hizi anatoka na mimi. Jana asubuhi mwanangu mdogo wa miaka 5 akaja mbio jikoni, "mama lile la bibi la kuangalia limetoka, sijaligusa". Nikaenda. Machipukizi mawili, pande zote mbili za V, meupe kwa chini na kijani juu, marefu kama kidole.

Vijiti vyembamba nimeshachomeka. Ncha za majani bado hazijashika, naangalia.